Kliniki ya njia ya mkojo: daktari hodari, choo kimoja

Kliniki ninayoizungumzia ipo Kampala, upande wa Wandegeya, na sitaitaja kwa jina kwa sababu nina malalamiko ambayo msimamizi wake ameahidi kuyashughulikia. Ninawaandikia hasa madereva wenzangu wa malori wa njia ya Malaba hadi Elegu, ambao hukaa kwenye usukani saa nyingi, hunywa maji kidogo ili wasisimame njiani, na wakianza kuamka mara 4 kila usiku kwenda haja ndogo husema kwamba huo ni uzee tu.

Mimi mwenye miaka 57 nilisema hivyo kwa miaka 2. Katika muda huo duka la dawa la mtaani kwetu liliniuzia siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, mara 3 kwa maelezo kwamba nina maambukizi, ingawa hakuna aliyewahi kuupima mkojo wangu. Kilichonishtua ni usiku mmoja niliolala Karuma nikiwa na mafua: nilimeza vidonge vya mafua, na hadi alfajiri mkojo ukawa unatoka kwa matone huku kibofu kimejaa.

Daktari bingwa aliposikia habari hiyo aliacha kuandika, akauliza vidonge vile vilikuwa vya aina gani. Alinieleza kwamba baadhi ya dawa za kuzibua pua hukaza misuli ya shingo ya kibofu, na mtu ambaye tezi dume yake imekwisha kukua anaweza kufungika kabisa. Ikifika hapo, usingoje asubuhi, nenda hospitali iliyo karibu ukawekewe mpira wa mkojo. Kwa maelezo hayo peke yake nisingeidai ile shilingi 80,000 niliyolipa kumwona.

Sista alikuwa amekwisha kunisomea fomu ya maswali 7 kuhusu mkojo wa mwezi mmoja uliopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 5. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, naye akaitafsiri papo hapo kwa Kiswahili safi bila kupunguza sauti wala kucheka. Nilipata alama 21, na kuanzia 20 kwenda juu huhesabiwa kuwa tatizo kali. Kipimo cha kidole, yaani daktari kuipapasa tezi dume kupitia njia ya haja kubwa, ambacho wengi wetu hukikimbia, hakikufika dakika moja. Aibu niliyoibeba kutoka Malaba ilikuwa nzito kuliko kipimo chenyewe. Ultrasaundi ikaonyesha tezi iliyokua na mililita 140 za mkojo zilizobaki baada ya kukojoa.

Hapo ndipo lawama yangu inapoanzia. Kwa ultrasaundi hiyo unaagizwa unywe maji mengi na kuubana mkojo, halafu unakaa kwenye foleni, nami nilikaa saa 2 na nusu. Choo cha wagonjwa ni kimoja, na ufunguo wake hukaa kwa mtu wa mapokezi ambaye saa ya chai huondoka nao. Sielewi jinsi kliniki inayoishi kwa shida za mkojo inavyoweza kulisahau hilo. Bei ya ultrasaundi nayo niliambiwa baada ya kupimwa. Zaidi ya hayo, kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotoka kwenye tezi dume, kiliahirishwa kwa kuwa nilikuwa nimelala na mke wangu usiku uliotangulia, jambo linaloweza kukipandisha. Ikabidi nilale Kampala siku 2 zaidi, wakati sentensi moja ya simu siku ya kuweka miadi ingetosha.

Kuhusu PSA yenyewe, daktari alikuwa mwangalifu. Alisema kwamba namba kubwa si lazima iwe saratani, kwa sababu maambukizi na kukua kwa kawaida kwa tezi pia huipandisha, na namba ndogo nayo haimwondolei mtu shaka yote. Yangu ilikuwa 2.9. Nikaandikiwa tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya shingo ya kibofu, ya kumeza usiku, na kwa kuwa alijua kazi yangu alinionya kwamba siku za mwanzo inaweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla, hivyo nisiianze nikiwa safarini.

Nilidhani ningekuta wazee watupu kwenye mabenchi yale. Karibu nusu walikuwa wanawake, akiwamo mama mmoja ambaye maambukizi yalimrudia kila baada ya miezi michache, na kijana mwenye mawe ya figo aliyeshindwa kukaa. Nilipomuuliza daktari nani hasa asichelewe, alitaja kwanza damu kwenye mkojo, hata ikitoka mara moja na bila maumivu, kwa kuwa ile isiyouma ndiyo inayomtia wasiwasi zaidi. Kisha akataja mtoto wa kiume anayeshikwa ghafla na maumivu makali ya korodani, ambaye apelekwe hospitali saa ile ile, maana korodani iliyojinyonga huanza kufa baada ya saa 6 hivi.

Madaktari wa fani hii ni wachache Uganda na wengi wao wako Kampala, kwa hiyo nitarudi hapo hapo baada ya miezi 3. Nimemwomba sista anipe nafasi ya saa 2 asubuhi, kabla mwenye ufunguo hajaenda kunywa chai.