Tairi la nyuma lisilo na tyubu kwenye pikipiki ya trayali: uzoefu wangu

Nisingeandika chochote kama yule fundi angefunga mdomo wake. Nilimpelekea gurudumu la nyuma linalovuja. Akalitia upepo likajaa ndi, akalibonyeza kwa kidole gumba, akasema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwepo, "Kaka, tairi zima hili. Kinachokusumbua ni mbwembwe. Weka tyubu ukalale." Wateja wengine wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwa wasioujua mchezo wa trayali: ni pikipiki nyepesi, kiti ni kama hakipo, unaendesha umesimama juu ya mawe, magogo na makorongo, na kazi yako ni kutoweka mguu chini. Ukiweka mara moja umekula pointi 1, mara mbili 2, kuanzia mara tatu ni 3, na ukishindwa kabisa kumaliza kipande cha njia ni 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mbio hazina nafasi hapa. Tairi la nyuma lishike au lisishike, basi.

Na ili lishike, linatiwa upepo kidogo mno. Pikipiki ya barabarani inataka psi (kipimo cha presha ya upepo) 30 hivi. Sisi nyuma tunatia 4 au 5, mbele kama 6. Kwa upepo huo tairi la 4.00-18 (upana inchi 4, rimu inchi 18) linalala juu ya jiwe na kufuata kila shimo lake. Sasa fikiria kuna tyubu humo ndani. Ukigonga ncha ya jiwe, tairi linabonyea hadi kwenye rimu, tyubu inabanwa katikati, inatoka na matundu mawili yanayotazamana. Pasipo tyubu hakuna cha kubanwa. Zaidi ya hapo, msumari ukiingia unaziba kwa uzi wa pancha kutoka nje, gurudumu likiwa palepale kwenye pikipiki. Ndiyo maana pikipiki za trayali za leo zinatoka kiwandani nyuma bila tyubu, na mbele, kwenye rimu ya inchi 21, tyubu imebaki. Hizo ndizo mbwembwe zangu.

Tairi lenyewe sina neno nalo. Tena nilipolifunga mara ya kwanza nilitaka kuwapigia watu simu. Ubavu wake laini, linapanda ukuta wa jiwe lenye maji ambapo zamani ningekuwa nasukuma kwa miguu. Ningeandika siku ile mngesoma sifa tupu.

Lakini rimu! Kuna rimu ambazo spoki zake zinashikwa kwenye kigongo kilichoinuka kuelekea katikati ya gurudumu, kwa hiyo sehemu inayokaa upepo haijatobolewa. Yangu imetobolewa pote, spoki zinaingia hadi ndani, halafu matundu yanafunikwa kwa ukanda mpana wa mpira wenye valvu iliyoungwa humo humo. Maana yake upepo wako wote unautegemea mpira mmoja uliolala juu ya vichwa vya spoki. Jioni natia 5, asubuhi nakuta 2. Mwenye pikipiki ya kawaida akipoteza psi 3 hata hatajua. Mimi nimepoteza zaidi ya nusu ya nilichonacho. Na geji za kawaida hazikusaidii, huko chini mshale unatingishika tu. Inabidi uwe na geji ya presha ndogo, ile inayoishia 15, na uitumie kila unapotaka kuondoka, hata kama ulipima jana.

Siku iliyonichoma roho nilikuwa navuka mwamba kwa ubavu, mteremko upo kushoto. Tairi likakunjika, mdomo wake, yaani ule ukingo unaokaa kwenye rimu, ukachomoka, pfff, upepo wote umekwisha kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo unapokutana na upande wa pili wa sarafu ambao wauzaji hawautaji. Tyubu ikipasuka unabadilisha tyubu. Tairi hili likishachomoka linataka upepo mwingi kwa ghafla, midomo iruke ikae mahali pake. Pampu ya mkono haiwezi. Nilichomoa kijiti cha valvu ili upepo uingie haraka, nikapaka maji ya sabuni, nikafunga mkanda wa mizigo kuzunguka tairi na kuukaza ili midomo itanuke. Nikapampu hadi mikono ikaisha nguvu. Kila nilichoingiza kilitokea pembeni kikinipulizia sabuni usoni. Nikaikokota pikipiki hadi nilikotoka, na siku hiyo ningeliuza tairi lile kwa yeyote, hata kwa kuonewa.

Basi ndiyo nikaenda kwa yule fundi niliyeanza naye. Kompresa anayo, midomo ikaruka, pa! pa!, tairi likakaa. Nikamwambia, fundi, lishushe hadi 5 halafu ulitumbukize kwenye maji tuone linavuja wapi. Akaniuliza kama nimekuja kutengenezewa au kumfundisha kazi. Nikamweleza kwamba kwa psi 30 upepo wenyewe unaukandamiza ule ukanda dhidi ya rimu, kwa hiyo uvujaji unajificha, na ukishusha ndipo ukanda unalegea na kupumua. Akageuka kuzungumza na mtu mwingine. Beseni la maji lilikuwa pale pale, hatua mbili, lina maji! Sijawahi kuona mtu akiliogopa beseni namna ile.

Nilikuwa nimechoka, nikakubali tyubu. Na kwa muda mfupi, nikiri, nilipata amani: asubuhi upepo ulikuwepo. Nikaanza hata kufikiri kwamba labda jamaa ana lake. Kisha nikaenda kwenye mawe. Tairi likawa halina uhai, linaruka badala ya kulala. Na kwa kuwa rimu hii haina kile kibano cha kushikilia tairi kinachofungwa kwenye rimu za tyubu, kila nikivuta mafuta tairi lilizunguka kidogo juu ya rimu na kuiburuta tyubu pamoja nalo. Valvu ikaanza kuinama. Nikaitazama ikiinama. Ikang'oka kwenye shina. Haya, kalale!

Nikalifungua mwenyewe. Chini ya ukanda nilikuta unga mweupe wa rimu iliyoliwa, uchafu mgumu wa dawa ya kuziba pancha ambayo mwenye pikipiki wa kwanza aliimwaga humo na hakunitajia alipokuwa akiisifia, na vichwa vya spoki viwili vimechomoza vikiusukuma ukanda kwa chini. Nikavisawazisha kwa tupa, nikasugua rimu hadi ikang'aa pale midomo inapokaa, nikatia ukanda mpya, sabuni ya kutosha, kompresa ya kuazima. Likakaa. Nikalishusha hadi 5, nikalizungusha ndani ya maji polepole. Povu kidogo kwenye shina la valvu, nikakaza nati, likanyamaza.

Tangu hapo halijachomoka, na sitaki kusikia habari za tyubu nyuma. Linapoteza kidogo kwa usiku, nusu psi hivi. Nusu psi kwangu si kitu kidogo, lakini nimekubaliana nayo. Hapana, sijakubaliana nayo: ukanda huu ni uvivu wa aliyeubuni, na nikipata rimu isiyotobolewa nitautupa siku hiyo hiyo. Nilitaka kutoa nyota mbili nilipoanza kuandika. Tairi lina nyota tano. Ukanda una moja, na hiyo ni kwa sababu ule mpya bado unafanya kazi ninapoandika.

Kama unanunua pikipiki ya trayali iliyokwishatumika, chungulia spoki kabla hujaangalia injini. Zikiingia ndani ya rimu, mwambie muuzaji ashushe upepo hadi 5 na gurudumu litiwe kwenye maji mbele yako. Akianza maneno mengi, mwachie na pikipiki yake.