Nimepeleka pedali nne kwa fundi Buguruni: moja kaikataa, moja tumebishana mpaka leo

Hii nilitaka niandike tangu mwezi wa tatu ila nikasema ngoja kwanza nizipige jukwaani miezi kadhaa ndo niseme, maana pedali (kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa) ikitoka kwa fundi siku ya kwanza kila kitu kitamu, masikio yenyewe yanajua umeshalipa hela.

Mi napiga solo kanisani, na wikiendi moja moja napiga na bendi ya ukumbini hapa Dar, nyimbo za zamani na sebene. Kwahiyo nina mahitaji mawili yanayogombana. Sebene linataka gitaa safi, jembamba, linalong'aa, kila noti isikike imekatwa kivyake. Kwenye kuabudu unataka sauti nene inayovutika, ukishika noti moja ikae mpaka mpiga kinanda abadilishe kodi (zile noti za pamoja). Pedali zangu ni nne: TS9 ya kijani na DS-1 ya rangi ya chungwa (zote mbili za kukwaruza sauti), wah ya zamani (ya kufanya gitaa liseme "waa") ambayo ata sikumbuki niliinunua kwa nani, na CE-2, korasi ya bluu niliyoachiwa na marehemu mjomba aliyekua anapiga rithim miaka ya 80.

Kabla ya huyu fundi kuna mwingine. Simtaji, ila aliniumiza. Ni fundi simu, mzuri tu kwenye simu, nikampa DS-1 abadilishe diodi mbili basi, kazi ya dakika kumi. Akaichoma na pasi ya kulehemu moto ukiwa juu mno mpaka njia za shaba zikanyanyuka kwenye bodi, afu akanirudishia imefungwa vizuri kabisa na skrubu zote, ila haitoi sauti, taa inawaka tu. Nikamuuliza akasema pedali za siku hizi feki. Kaka, hiyo nimenunua mpya dukani mimi mwenyewe, boksi lake ninalo. Nikaiweka kabatini mwaka mzima.

Sasa mpiga besi wetu ndo akanipeleka Buguruni kwa mzee mmoja, fundi redio wa enzi zile, kibanda chake kimejaa maredio na amplifaya za misikiti na makanisa yote ya upande huo. Nikaingia na begi langu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Gitaa liko wapi?"

Nikamwambia gitaa halina ubovu, nimeleta pedali tu. Akanitazama. "Sasa mimi nitasikiliza nini, haya mabati?"

Akanirudisha. Nauli imeenda, jua la saa saba, nimechukia kweli. Ila kesho yake nilivyorudi na gitaa nikaelewa. Aliniunganisha kwenye spika yake ya inchi nane ambayo kaitengenezea boksi mwenyewe, akaniambia piga unavyopigaga, sio unavyotaka nikusikie. Nikapiga sebene, nikapiga pambio la taratibu, yeye anakunywa chai tu, mara anaingiza pedali mara anaitoa, dakika ishirini nzima bila kufungua skrubu ata moja. Mi nilienda na orodha niliyoitoa kwenye video za YouTube, kila pedali nimeiandikia vya kubadilisha. Nusu ya ile orodha aliifuta palepale na hela yake hakuitaka. Ukiniuliza kwanini namsifia mtu aliyenicheleweshea kazi wiki tatu, sababu ndo hiyo, mengine yote yanafuata.

Nianze na wah maana ndo iliyokua na hali mbaya. Ilikua inakwaruza, ukikanyaga unasikia krrr krrr kabla ya sauti yenyewe, na nilikua nahisi ikiwa kwenye mstari gitaa langu linapoa ata kama nimeizima. Nilidhani ni mawazo. Akaifungua akanionyesha: swichi iliyomo inakata upande wa kutokea peke yake, upande wa kuingia mzunguko bado umeshikana na gitaa muda wote, kwahiyo umezima ila inaendelea kunyonya zile sauti za juu. Akaweka swichi ya miguu tisa, ile ya truu baipasi, ambayo ukizima gitaa linapita moja kwa moja kama vile pedali haipo. Poti (kile kifaa cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza) inayozungushwa na kanyagio akaweka mpya ya kilo-omu 100. Afu kuna rezista moja (kifaa cha kuzuia umeme) ya kilo-omu 33 iliyokaa sambamba na koili akaiweka ya 47, akasema hapo wah itatamka, sasa hivi inanung'unika. Na kweli. Nilivyokanyaga mara ya kwanza pale kibandani mpaka kijana wa chipsi wa jirani akageuka. Inasema "waa" imefungua mdomo kabisa. Elfu 60 na vifaa vyake, na ningeambiwa 80 ningelipa.

TS9 ndo ile watu wote mtandaoni wanakwambia ibadilishe iwe kama 808, ile ya kwanza kabisa ya mwishoni mwa miaka ya 70. Mi nilikua nafikiria ni kazi kubwa, labda unabadilisha IC (chipu ya ndani), unatafuta zile JRC4558 za zamani watu wanauziana bei za ajabu. Mzee akacheka. Tofauti kubwa ya hizo mbili ni rezista mbili za mwisho kwenye kutokea: ya omu 470 unaweka 100, ya kilo-omu 100 unaweka 10. Basi. IC yangu akaiangalia akasema hii ni ileile 4558, unataka niitoe niweke nini? Akanionya kabisa, "Hapa utasikia tofauti ndogo, usije ukanidai." Na ni ndogo kweli, mi nadhani imelainika kidogo juu, ila ukinifunga macho sijui kama ntabahatisha, nasema ukweli wa Mungu.

Kilichobadilisha TS9 ni kitu ambacho sikukiomba. Alivyonisikiliza alisema pambio zako ukishuka nyuzi nene sauti inakonda. Ni kwamba hii pedali imetengenezwa ikuze zaidi sauti kuanzia kwenye hezi 720 hivi kwenda juu, za chini yake inaziacha taratibu, ndo maana inapenya kwenye bendi lakini ukipiga peke yako na kinanda inakua kama inaongelea puani. Hiyo inaamuliwa na rezista moja ya kilo-omu 4.7 na kapasita moja (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya mikrofaradi 0.047. Akabadilisha kapasita tu akaweka 0.1, ule mpaka ukashuka kwenye hezi 340 hivi. Kapasita ya mia mbili shilingi! Sasa hivi kwenye kuabudu ndo naiwasha hiyo peke yake na sizimi. Ila nimegundua ukumbini na bendi kamili nikiiwasha inagombana na besi, mpiga besi ashanilalamikia mara mbili, kwahiyo kama we unapiga na bendi kubwa tu, usiiguse hiyo kapasita, acha ilivyotoka kiwandani. Elfu 25.

DS-1 maiti kaifufua. Zile njia za shaba zilizonyanyuka kazipitia moja moja na kioo cha kukuzia, kaziunganisha na vijiwaya vyembamba kama unywele, kazi safi mpaka nikapiga picha. Alivyouliza nani kaigusa hii nikamweleza, akatikisa kichwa tu hakusema neno. Hapo ndo tukaanza kubishana. Mi nilitaka zile diodi mbili za silikoni zinazokata vilele vya wimbi la sauti niweke taa za LED nyekundu, kama nilivyoona watu wanafanya. Diodi ya kawaida inaanza kukata kwenye volti 0.6 hivi, LED nyekundu mpaka kama 1.7, kwahiyo sauti inatoka kubwa zaidi na haibanwi sana. Yeye akasema hutaipenda. Nikasema weka mzee, mi ndo mwenye pedali. Akaweka.

Sikuipenda. Jumapili ya kwanza nilivyoikanyaga mzee wa kanisa aliyekaa mbele alishika masikio. Imekua kali, inaruka juu ya sauti za waimbaji, na ule mvuto wa kukaa kwenye noti umepungua. Nikarudi nimeinamisha kichwa. Hakunicheka (alitabasamu kidogo). Akatoa LED moja akarudisha diodi moja, kwahiyo wimbi upande mmoja linakatwa chini na upande wa pili linakatwa juu, na hiyo ndo imekaa vizuri, ina ukali lakini ina nyama. Yeye bado anasema ingerudishwa diodi zote mbili kama mwanzo. Mi nasema hapana. Kila nikienda tunaanza upya. Kufufua na kubadilisha elfu 40, kule kurudia hakunichaji.

Ya mwisho ni CE-2, na hii kaikataa.

Nilikua nataka aifanye truu baipasi nayo, na zile nyingine zote, nimesoma sana kwamba bafa (saketi ndogo ndani ya pedali inayosukuma sauti mbele) zinaharibu sauti. Mzee akaniuliza kebo yako ya gitaa mita ngapi, nikasema sita, na ya kwenda kwenye amplifaya? Sita. Basi akanikalisha. Kebo yenyewe ni kama kapasita ndefu, nyingi zinakaa kwenye pikofaradi 100 hivi kila mita, kwahiyo mita kumi na mbili unalisukumisha gitaa pikofaradi 1200 bila msaada, na gitaa halina nguvu hiyo, zile sauti za juu unazotaka kwenye sebene ndo zinakua za kwanza kufa. Bafa ndo inayosukuma. Ukizitoa zote utarudi hapa unalia gitaa limepoa na utasema fundi kaharibu. Wah peke yake ndo ilikua na ugonjwa, nyingine bafa zake nzima, ziache. Akanifanyia na mfano palepale, akachomeka kebo zangu mbili zikiwa zimeunganishwa bila pedali, afu akaweka CE-2 katikati ikiwa imezimwa. Nilisikia. Ni kama mtu kafungua dirisha.

Halafu akaishika ile CE-2 mkononi muda mrefu. Akafungua akanionyesha IC ndefu imeandikwa MN3007. Anasema hii inafanya kazi kama watu 1024 wamepanga mstari wanapasiana ndoo za maji, sauti inapita ndoo mpaka ndoo inachelewa kidogo, ule ucheleweshaji ndo unaotikiswa ukichanganywa na sauti ya kawaida unapata korasi. Kiwanda kilichokua kinatengeneza hiyo IC kilishaacha siku nyingi, za kuigiza zipo, ila hii yako inafanya kazi, na mimi siweki pasi ya moto karibu nayo kwa sababu ya fasheni. Akapuliza dawa kwenye poti mbili, akazungusha, akasafisha jeki, akafunga. Bure. Akaniuliza mjomba alipiga bendi gani nikamwambia, akasema huenda alishawahi kumtengenezea amplifaya, ila hana uhakika, walikua wengi.

Haya, sasa mabaya yake. Muda, jamani. Aliniambia Alhamisi. Alhamisi nikaenda, umeme umekatika tangu asubuhi. Alhamisi ya pili swichi ya miguu tisa haipo Kariakoo nzima, imeagizwa China inakuja na mzigo wa mtu. Ya tatu kaenda msibani Muheza. Jumapili tatu nimepiga kanisani gitaa kavu, watu wanadhani nimefunga. Simu hapokei, ujumbe anasoma hajibu, ukitaka kujua kazi imefikia wapi inabidi ufike. Risiti hamna, garantii ni neno lake tu, kwangu alilitimiza ila ni neno. Na lebo hataki kuandika, pedali za watu zimerundikana kwenye beseni moja, nilibandika jina langu mwenyewe kwa plasta kila pedali na nakushauri ufanye ivo.

Ila kitu kimoja nimekipenda sana, vifaa vyote alivyovitoa alinirudishia kwenye kinailoni kidogo, rezista, kapasita, poti ya zamani, mpaka zile diodi, kila pedali na kinailoni chake. Kwahiyo unajua kweli kabadilisha, na siku ukitaka kuirudisha ilivyokua unavyo.

Jumla nimetoa elfu 125 kwa M-Pesa. Kama unaenda, nenda siku za kazi asubuhi kabla hajazidiwa na wenye misikiti na makanisa, na beba gitaa lako na kebo zako mwenyewe unazotumia. Na kebo uzihesabu wakati wa kuondoka. Mi kakebo kangu kafupi kekundu ka kuunganishia pedali kalibaki kwake, nimeshamuulizia mara tatu, mara ya mwisho nimekaona kwa macho yangu kamechomekwa kwenye amplifaya ya msikiti, nikaona aibu kukachomoa.