Teknolojia ya usalama barabarani: uanze kununua ipi?

Muuzaji wa gari atakuonyesha skrini na spika kwanza. Mwache amalize, kisha muulize: dereva akichelewa sekunde moja, gari hili litafanya nini? Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ni karibu mita 17, na anayeweza kuwa mbele yako hana bodi ya chuma ya kumkinga. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo vya barabarani takriban milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Ndiyo maana napanga vifaa hivi kwa kuangalia pia nani analindwa nje ya gari.

Namba moja ni breki ya dharura inayojifunga yenyewe. Kamera na rada hutazama mbele. Dereva akipitiwa, gari linajizuia. Uliza waziwazi kama inatambua watu na baiskeli, maana mifumo mingi ya zamani iliona magari tu. Hata Umoja wa Ulaya ulianza kulazimisha ile ya kutambua magari kwa aina mpya za magari Julai 2022, na ya kutambua watu na baiskeli ikafuata Julai 2024. Kwa gari lililotumika, chunguza kioo cha mbele, maana kamera hukaa nyuma yake. Kama kiliwahi kubadilishwa na kamera haikupimwa upya, inaweza kuwa inatazama pembeni. Washa swichi pia uangalie dashibodi: taa za tahadhari ziwake, kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa inanitia shaka kuliko inayowaka muda wote, kwa sababu huenda mtu ameing'oa ili kuficha ubovu.

Kwa anayenunua pikipiki, namba moja ni ABS, mfumo wa breki unaozuia tairi kuganda, yaani kuacha kuzunguka, bila mjadala. Ukishika breki kwa hofu kwenye lami yenye maji, tairi huganda na pikipiki inalala. ABS huachia na kubana mara nyingi ndani ya sekunde, tairi likaendelea kuzunguka. Usikubali kuuziwa breki zilizounganishwa za mbele na nyuma kana kwamba ni kitu hichohicho. Hizo hugawa nguvu tu, tairi bado linaweza kuganda. ABS haifungwi kirahisi baadaye, kwa hiyo amua siku ileile ya kununua.

Tukirudi kwenye gari, zinazofuata ni sensa za upepo wa matairi, yaani vifaa vinavyokuonya upepo ukipungua. Zipo za kufunga kwenye vali, na mtu yeyote anaweza kuzifunga mwenyewe. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto likapasuka, na ukiwa kasi hutakuwa na muda wa kufikiri. Kamera ya nyuma naiweka baada yake, hasa kwa nyumba yenye watoto wadogo, kwani vioo haviwaoni.

Mwendesha baiskeli aangalie taa ya nyuma yenye rada, inayomwonya gari likija kwa nyuma. Ni nzuri, ila helmeti inayomkaa vizuri itangulie.

Kamera ya kurekodi safari naiweka mwisho. Inasaidia kuthibitisha nani alikosea, lakini wakati huo ajali imeshatokea. Ukinunua, ifunge nyuma ya kioo cha ndani isije ikakuziba macho.