Google Patents kwa Kampuni Changa ya Programu
Google Patents ni huduma ya bure ya kutafuta hataza (haki za kipekee anazopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), iliyozinduliwa na Google mwaka 2006, na sasa ina nyaraka za ofisi zaidi ya 100 za hataza duniani. Nimeipima kwa swali moja: je, kampuni changa inayotaka kuuza programu yake Marekani inaweza kuitegemea ili isije ikaburutwa mahakamani?

Kwa utafutaji wenyewe, sina lawama. Andika US5960411 na mara moja utaiona hataza ya Amazon ya kununua kwa bonyezo moja, iliyoombwa mwaka 1997, ikatolewa mwaka 1999 na kumaliza muda wake mwaka 2017. Maelezo yako kushoto, madai (sehemu inayotaja mipaka ya haki ya mwenye hataza) kulia, na chini zimeorodheshwa hataza za baadaye zilizoitaja.

Ugumu huanza unapoyasoma madai. Dai la kwanza halina hata mstari mmoja wa msimbo: mteja akitenda tendo moja tu, oda hutumwa pamoja na kitambulisho chake, na seva huikamilisha kwa taarifa ilizokwisha kuzihifadhi, bila kupitia kikapu cha manunuzi. Kwa maneno mapana kiasi hicho Amazon iliishtaki kampuni ya maduka ya vitabu ya Barnes & Noble, ambayo kwa amri ya mahakama ililazimika kuwaongezea wateja bonyezo la pili. Hiyo angalau ilikuwa kampuni kubwa yenye mawakili. Watengenezaji wadogo wa programu za simu walioandikiwa barua na Lodsys, kampuni inayomiliki hataza, mwaka 2011, wakidaiwa ada ya leseni kwa sababu ya malipo yanayofanyika ndani ya programu, wengi wao hawakuwa na uwezo huo.

Google yenyewe inatahadharisha kwamba hali ya kisheria inayoonyeshwa ni makadirio. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank mwaka 2014 kwamba wazo tupu halistahili hataza kwa kuendeshwa na kompyuta tu, hataza nyingi za programu zimebatilishwa, lakini ile ambayo haijapingwa bado huonekana hai hata kama ni dhaifu. Maombi mapya nayo kwa kawaida hufichwa miezi 18. La ajabu zaidi, mahakama za Marekani zaweza kuongeza fidia hadi mara tatu kwa anayekiuka hataza kwa makusudi, na aliyekwisha kuisoma ni vigumu kudai hakujua, hivyo baadhi ya mawakili huwakataza wahandisi kuzisoma kabisa!

Kwa kuchota mbinu zilizokwisha muda, au kutafuta uvumbuzi wa zamani wa kumwonyesha anayekudai kwamba wazo lake halikuwa jipya, naipendekeza bila kusita. Kabla ya kuingia sokoni, hata hivyo, bado utamlipa wakili, na gharama hiyo huielemea kampuni ya watu watatu kuliko inavyoigusa Amazon.