Ofisi ya mawakili ya Moshi iliyotusaidia baada ya mdogo wangu kuumia baharini

Mdogo wangu aliumia mwezi Februari akiwa kazini kwenye meli inayopeleka vifaa katika visima vya gesi vya baharini, kusini mwa nchi yetu, pale kamba ya kufungia meli ilipomnasa mkono wa kulia na kumsaga vidole 2. Alirudi nyumbani na karatasi aliyotakiwa kuisaini ili alipwe mara moja na suala liishe. Nilimpeleka kwenye ofisi ndogo ya mawakili, karibu na mnara wa saa.

Wakili aliyetupokea, mama wa makamo, aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akasema, "Mwanangu, usisaini kwamba umeridhika wakati daktari hajasema mkono huu utapona kwa kiasi gani." Aliomba mkataba, hati za mshahara na majina ya mabaharia walioshuhudia, akauliza kama ajali iliandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za meli na meli ilipeperusha bendera ya nchi gani.

Swali la bendera lilinishangaza, naye akalifafanua kwa subira. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2019, unamtaka mwenye meli amtibu baharia aliyeumia na kumlipa mshahara, na hata pale sheria ya nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake inapoweka ukomo wa malipo hayo, ukomo huo hauwezi kuwa chini ya wiki 16. Kwa mwajiri aliyesajiliwa hapa nchini upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, haki ya kudai hupotea ajali isiporipotiwa ndani ya miezi 12, na asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Alituonya pia kwamba kijana akiachishwa kazi, siku za kulalamika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ni 30 tu.

Kilichonifanya nimwamini ni kutuambia waziwazi kwamba madai ya Mfuko hayahitaji wakili. Alitutoza kwa ushauri na kwa barua moja aliyomwandikia mwajiri, ambaye hadi siku hiyo hakuwa ametoa taarifa yoyote. Baada ya barua aliitoa.

Mapungufu yapo. Mara mbili tulishuka kutoka Marangu, mgonjwa amebanwa kwenye Hiace na mkono wake wenye bandeji, tukaambiwa mapokezi kwamba wakili yuko mahakamani Arusha, ilhali namba yetu ya simu walikuwa nayo. Gharama nazo tulitajiwa kwa mdomo, na maandishi tuliyapata baada ya kuyadai. Anayekwenda ayaombe siku ya kwanza.

Malipo ya muda yameanza kuingia. Tathmini ya ulemavu wa kudumu bado, na barua ya daktari ikitoka tutarudi kwa mama yule yule aisome kabla mdogo wangu hajaweka sahihi popote.