Uchambuzi: Makusanyo ya Prompti Mtandaoni, Lipi la Kulipia na Lipi la Kuacha

Habari za wakati huu, ndugu watazamaji. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kama kuna haja ya kununua makusanyo ya prompti, yaani maagizo yaliyokwisha kuandikwa ambayo mtu huyanakili na kuyabandika kwenye ChatGPT, Claude, Midjourney au chombo kingine cha akili unde. Leo ninayo matatu hapa mezani: kusanyo la bure liitwalo Awesome ChatGPT Prompts lililoko GitHub (tovuti ambako watengenezaji wa programu huweka kazi zao), soko la PromptBase, na faili moja la PDF lenye kile muuzaji alichokiita prompti elfu moja, ambalo nililinunua kwa pesa ya simu na ambalo muuzaji wake sitamtaja.

Nianze na hilo la PDF kwa sababu ndilo lililoniuma. Ukurasa wa kwanza una agizo la kuandika mpango wa masoko wa mgahawa, wa pili mpango wa masoko wa saluni, wa tatu wa duka la nguo, na mambo yakaendelea hivyo hivyo hadi tukafika gereji. Sentensi ni ile ile, kilichobadilishwa ni jina la biashara tu. Prompti iliyoandikwa kwa uangalifu huacha mabano matupu ili wewe mwenyewe ujaze aina ya biashara, mji na wateja unaowalenga, hivyo prompti moja ya namna hiyo ingezifuta kurasa hizo zote. Tangu siku hiyo, nikiona tangazo linalojisifia idadi, naomba kwanza nionyeshwe kurasa za katikati, maana nyanya nzuri hupangwa juu ya tenga.

Awesome ChatGPT Prompts lilianzishwa Desemba 2022 na mtaalamu wa programu wa Uturuki, Fatih Kadir Akın, muda mfupi tu baada ya ChatGPT kutolewa tarehe 30 Novemba mwaka huo. Limewekwa chini ya leseni ya CC0, ambayo humruhusu mtu yeyote kulitumia, kulibadilisha na hata kuliuza. Kwa hiyo hakuna sheria inayomzuia mjanja kukuuzia kitu ambacho ungekipata bure, na kinga yako ni kunakili sentensi moja ya sampuli na kuitafuta mtandaoni kabla ya kulipa.

Prompti zake nyingi huitaka mashine ijifanye mtu au kitu fulani: mwongoza watalii, mwalimu wa hisabati, hata kompyuta ya Linux inayopokea amri. Niliyoijaribu kwa muda mrefu zaidi ni ile ya msaili wa kazi. Wengi hudhani nguvu yake iko kwenye neno "jifanye", lakini mimi nimeiona kwenye sentensi ndogo inayoiamuru mashine iulize swali moja moja na isubiri jibu, badala ya kuandika mazungumzo yote kwa mkupuo. Nilipoiondoa sentensi hiyo, mashine ilijiuliza na kujijibu yenyewe, mimi nikabaki mtazamaji wa usaili wangu. Nilipoirudisha na kuongeza kwamba usaili uwe kwa Kiswahili, wa nafasi ya karani wa ghala mjini Mwanza, nilianza kuulizwa habari za kuhesabu mzigo na kupokea bidhaa zilizoharibika.

PromptBase ni soko ambako prompti huuzwa mojamoja kwa dola chache, na ukurasa wa bidhaa hukuonyesha mifano ya kazi pamoja na chombo ilichoandikiwa. Kwa upande wa picha, hilo ni jambo kubwa. Alama kama "--ar 16:9", inayopanga uwiano wa upana na urefu wa picha, ni ya Midjourney, chombo cha kutengeneza picha. Ukiibandika kwenye chombo kingine, huenda ikasomwa kama maneno ya kawaida. Toleo nalo lina uzito wake: Midjourney ilipotoa toleo la 6 Desemba 2023, watengenezaji wenyewe waliwaambia watumiaji wajifunze upya kuandika prompti, na waache maneno ya mapambo ya aina ya "4k" na "8k", yanayotaka picha iwe kali. Prompti ya kabla ya hapo inaweza kuwa imejaa mapambo hayo hayo, nawe utakuwa umeyalipia. Kwa hiyo pale nitalipa tu nikiona toleo limetajwa na mifano ni mingi, si picha moja iliyobahatika. Kwa prompti za maandishi, sitalipa.

Kuna pia makusanyo yanayokuja kama kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari chako. Hayo soma ruhusa zake kwanza, yaani yale yanayoomba kuyaona kwenye kompyuta yako, hasa kama kompyuta ni ya ofisini.

Faili la PDF nimelifuta asubuhi ya leo. Prompti mbili zilizofaa nimezinakili kwenye daftari langu, na mabano nimeyaweka mwenyewe.