Fyuzi za gari: ukiwa Tanga, nunua zipi?

Ingia duka la spea pale Ngamiani useme "nipe fyuzi ya kumi", utapewa. Shida ni kumi ipi. Gari nyingi za Kijapani tunazoendesha zina fyuzi za pini, ila ipo kubwa yenye upana wa milimita 19 hivi, ipo mini ya milimita 11, na ipo mini fupi ambayo miguu yake inaishia karibu na plastiki. Hizi mbili za mwisho upana wake ni uleule, ndiyo maana watu wanarudi dukani mara ya pili. Ng'oa iliyoungua uende nayo mkononi. Ampia, yaani kiasi cha umeme ambacho fyuzi inakiruhusu kupita, utaijua kwa rangi: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30.

Nafasi ya kwanza naipa fyuzi mpya ya kiwanda chenye jina, mfano Littelfuse, Wamarekani walioileta fyuzi ya pini mwaka 1976. Bei iko juu kidogo, lakini kwa kitu kidogo hivi sioni sababu ya kubana.

Ya pili mtanibishia: fyuzi ya mtumba ya Kijapani, iliyotolewa kwenye gari la kukatwa. Kama waya wa ndani ni mzima, kazi yake inaifanya. Kagua miguu tu. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na mguu ukishaota unga mweupe haugusi vizuri; unapata moto na kuyeyusha soketi. Hiyo iache.

Ya tatu ni vile visanduku vya mchanganyiko visivyo na jina, fyuzi mia kwa bei ya chee. Nilinunua kimoja. Fundi umeme wangu wa Chumbageni akachukua fyuzi ya 5 humo, akaunga balbu mbili za wati 55 kwenye betri. Hapo inapita kama ampia 9, karibu mara mbili ya kipimo, na fyuzi ya kweli hukatika ndani ya sekunde chache. Hii tuliitazama dakika nzima. Plastiki ikalegea, ikaanza kunuka, balbu zinawaka tu! Akaichomoa kwa koleo, akaniuliza, "Sasa hii inalinda nini?"

Maana fyuzi hailindi redio wala taa, inalinda waya. Shoti ikipiga, lazima kitu kiungue, na afadhali kiungue hicho cha bei ndogo kuliko wairingi iliyopita chini ya zulia. Ndiyo maana ukipandisha kutoka 15 kwenda 30 kwa sababu "inakatika-katika", waya unabaki uleule mwembamba. Karatasi ya sigara inayowekwa badala ya fyuzi siipi hata nafasi ya mwisho.

Zenye kitaa kinachowaka zikiungua zinasaidia usiku njia ya Segera, lakini nyingi ni ndugu wa zile za kisandukuni. Nimezipa nafasi ya nne.

Chukua mbilimbili za 10, 15 na 20, uzichomeke kwenye nafasi za akiba za boksi la fyuzi. Kibano cha kung'olea mara nyingi kimo humohumo, kama mwenye gari wa kwanza hakukipoteza.